Adui Ndani ya Ganda

Katika nyumba nyingi vita dhidi ya minyoo ya tumbo huhesabiwa kuwa vimekwisha pale mtoto anapomeza kidonge. Mjumbe wa afya amepita, kidonge kimemezwa mbele ya macho yake, siku ya pili au ya tatu mnyoo mmoja au wawili wameonekana chooni, na mama ameshusha pumzi. Kisha miezi mitano au sita hupita, na mtoto yule yule huanza tena kushika tumbo na kukataa chakula. Hapo ndipo maneno huanza: dawa za siku hizi hazina nguvu, au mtoto huyu amelishwa sukari nyingi mno. Ukweli ni kwamba dawa ilifanya kazi yake barabara. Ilimpata mnyoo aliyekuwa tumboni. Yai lililokuwa uani, katika udongo wa kivulini chini ya mgomba, haikuligusa, wala haikutengenezwa iliguse.

Juma hili basi hatutasema mengi juu ya mnyoo mwenyewe. Tutazungumza juu ya yai lake, na hasa juu ya ganda la yai hilo. Huenda jambo hili likaonekana dogo mno kwa gazeti linalosomwa kambini na katika vituo vya polisi, lakini kila askari ajua kwamba ngome haishambuliwi kabla ya kuzijua kuta zake zimejengwa kwa nini.

Mnyoo tunayemsema ni chango, yule mrefu wa mviringo ambaye wengi wamewahi kumwona, mwenye sura ya nyungunyungu aliyepauka. Wataalamu humwita Ascaris lumbricoides. Wasomaji wetu wenye sare wasikasirike, kwani jina hilo halina udugu wowote na neno askari. La kwanza limetoka katika Kigiriki cha kale na maana yake ni mnyoo wa tumbo. La pili limetoka katika Kiarabu na linahusu jeshi. Zimefanana kwa bahati tu, ijapokuwa katika chuo cha ualimu jambo hilo lilituchekesha muhula mzima.

Chango wa kike hufikia urefu wa sentimita 20 hadi 35, huishi mwaka mmoja au miwili, na kwa siku moja aweza kutaga mayai yapatayo 200,000. Tafadhali isome tena hesabu hiyo. Mnyoo mmoja, siku moja, mayai laki mbili. Mayai hayo hutoka pamoja na choo kikubwa, na yanapotoka hayana madhara bado, kwa sababu ndani ya kila moja hamna mnyoo, bali mna chembe moja hai tu ambayo haijaanza kugawanyika. Ili kinyoo aumbike humo ndani, yai lahitaji udongo wenye unyevu, kivuli, hewa na joto la wastani. Likipata hayo, kazi hukamilika kwa majuma mawili hadi manne, na mahali penye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Kigali yetu, ambayo ipo kwenye mwinuko wa meta 1,500 hivi na ambayo joto lake la wastani halitoki mbali na nyuzi 20 mwaka mzima, humtosha kabisa. Humchelewesha kidogo tu kuliko pwani.

Baada ya hapo yai hungoja. Halina miguu, halimfuati mtu. Hungoja kidole cha mtoto achezaye udongo, karoti iliyofutwa kwa kiganja ikaliwa, au jani la kachumbari lililopitishwa majini haraka haraka. Likiisha kumezwa, hufunguka katika utumbo mwembamba, kinyoo hupenya ukuta wa utumbo, husafiri kwa damu hadi ini na mapafu, hupanda njia ya hewa hadi kooni, humezwa tena, na mara hii hukaa. Tangu kumezwa kwa yai hadi mnyoo mpya kuanza kutaga ni miezi miwili au mitatu. Safari hiyo ya mapafuni si hadithi. Mwaka 1922 daktari mmoja wa Japani, Shimesu Koino, alimeza kwa hiari yake mayai 2,000 ya chango ili ajionee mwenyewe. Baada ya siku chache aliugua kifua, akakohoa, na katika makohozi yake akawakuta vinyoo. Ushujaa wa namna hiyo hautolewi nishani, nami sishauri mtu auige.

Sasa tulitazame ganda lenyewe. Yai la chango lina urefu wa kati ya sehemu 45 na 75 za elfu ya milimita. Ukiyapanga kumi na sita hivi katika mstari, ndipo utapata milimita moja. Jicho la mtu haliwezi kuliona, bali hadubini ya zahanati yoyote huliona kwa urahisi. Unene wa ganda ni sehemu tatu hadi nne za elfu ya milimita. Mtu atasema: hilo ni jembamba sana. Naam, lakini kitu hupimwa kwa kulinganishwa na umbo lake. Chukua yai la kuku. Upana wake ni kama sentimita nne na nusu, na ganda lake lina unene wa theluthi moja ya milimita, yaani ganda ni sehemu moja tu katika sehemu 130 hivi za upana wa yai. Kwa chango ganda ni sehemu moja katika sehemu 15 hivi. Kama kuku angetaga kwa kipimo cha chango, ganda la yai lake lingekuwa na unene wa milimita tatu, na mama angehitaji nyundo kila atakapo kukaanga yai.

Tena si unene peke yake. Ganda la yai la kuku limefanywa kwa madini ya chokaa, kitu cha jamii ya chaki ya darasani: ni gumu, lakini halijui kupinda, hivyo likigongwa hupasuka mara moja. Ganda la chango halina chokaa hiyo. Nguvu yake yatoka katika kitini, ambacho ndicho kilichomo pia katika ngozi ngumu ya mende, panzi na kaa. Kitini hukaa kama nyuzi nyembamba mno zilizolala ndani ya protini. Wajenzi wetu wa matofali ya rukarakara wataelewa upesi kuliko wengine: udongo peke yake hukauka ukapasuka, nyasi peke yake hazisimamishi ukuta, lakini nyasi zikikandwa ndani ya udongo, tofali hushikamana hata likipata ufa. Ganda la chango limejengwa kwa hekima hiyo hiyo. Ni gumu na papo hapo hunyumbuka kidogo. Hulisagi kwa kusugua kiganja juu ya kiganja, na meno ya mtu hayana kazi juu yake, kwa kuwa hupita katika nafasi zilizo kati ya meno kama mbegu ndogo ipitavyo katika matundu ya chekeche.

Ukuta huo wa kitini haukusimama peke yake. Nje yake kuna tabaka la protini lenye vinundu vinundu, ambalo hutoka kwa mama likiwa halina rangi, kisha hupakwa rangi ya kahawia na nyongo linapopita katika utumbo wa mgonjwa. Vinundu hivyo ndivyo vimfanyavyo mpimaji wa maabara kulitambua yai hili mara moja. Kwa mwenye nyumba, jambo kubwa ni kwamba tabaka hili hunata. Hunata kwenye kucha, kwenye ngozi ya karoti, kwenye mikunjo ya jani la mchicha. Kati ya tabaka hili na kitini kuna utando mwembamba ambao hautatuchelewesha hapa.

Lakini ndani kabisa, nyuma ya kitini, kuna tabaka ambalo kwa maoni yangu ndilo la ajabu kuliko yote. Ni tabaka la mafuta. Si mafuta ya kawaida kama ya kupikia, bali mafuta ya namna ya pekee yaliyopewa jina la mnyoo mwenyewe, askarosidi. Kitini huzuia nguvu. Mafuta haya huzuia sumu. Maji hupita humo polepole mno, na dawa nyingi zilizoyeyuka majini hazipiti kabisa. Katika maabara, wataalamu wanaotaka kuyaweka mayai ya chango yakiwa hai kwa uchunguzi huyahifadhi katika asidi ya salfuriki iliyopunguzwa nguvu, au katika fomalini, ile ile dawa izuiayo maiti zisioze. Fikiri basi: kimiminika kiuacho karibu kila kidudu kingine hutumiwa kama ghala la kulitunzia yai hili, na kinyoo ndani yake huendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Uimara wa ganda hilo huendelea hata baada ya aliyemo ndani kufa. Mwaka 2012 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua katika mji wa Leicester, Uingereza, mifupa ya Mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani mwaka 1485. Udongo uliokuwa mahali pa tumbo lake ulipochunguzwa, ulikutwa na mayai ya chango, maganda yake yakitambulikana baada ya miaka zaidi ya 500. Kiti cha enzi hakikumlinda na mikono michafu ya wapishi wake, au pengine na mboga zilizorutubishwa kwa mavi ya binadamu.

Isidhaniwe kwamba ufundi huu wa ganda ni wa chango peke yake. Katika mabwawa ya samaki, mathalan yale ya Rwasave huko Huye au Kigembe huko Gisagara, kama ilivyo katika dimbwi lolote, huishi vijidudu viitwavyo rotifa, ambavyo vingi havifiki hata nusu milimita na ambavyo ni chakula cha kwanza cha samaki wachanga. Rotifa wengi wa mabwawani hutaga mayai ya namna mbili. Maji yakiwa mazuri, hutaga mayai ya ganda jembamba ambayo huanguliwa baada ya siku moja au mbili. Hali ikibadilika, kwa mfano wakiwa wamesongamana mno, huanza kutaga mayai ya namna nyingine, yenye ganda nene la matabaka kadhaa ambamo kitini kimepatikana pia. Mayai haya huzama matopeni yakalala. Bwawa laweza kukauka, tope likapasuka kwa jua, nayo yasife. Yapo yaliyoanguliwa baada ya kulala miongo ya miaka. Wafugaji wa samaki wa nchi nyingine huyanunua yakiwa makavu, yamefungwa kama dawa ya unga, wakayamwaga majini na kupata chakula kipya cha vifaranga.

Tofauti kati ya hao wawili ipo katika mlango. Yai la rotifa hungoja maji na mwanga. Yakirudi, ganda hupasuka na mtoto akaogelea nje. Yai la chango hungoja tumbo. Joto la mwili, ambalo ni nyuzi 37, na wingi wa ile hewa tuitoayo tunapopumua, ambayo imo tele katika utumbo, ndivyo vimwambiavyo kinyoo kwamba amefika. Hapo hutoa vimeng'enya ambavyo huyeyusha mafuta, protini na hata kitini cha ukuta wake mwenyewe, akatoka. Ngome hii hufunguliwa kwa ndani. Kwa hiyo wale wanaotafuta sumu ya kumwaga uani ili mayai yafe, wajue kwamba wanagonga ukuta usio na mlango kwa nje.

Baada ya kuzijua kuta, twaweza kusema lipi lifaalo na lipi lisilofaa, na hapa nawaomba akina mama na wapishi wa kambi wanisikilize kwa makini, kwani mambo mengine ni kinyume cha tuliyozoea kuambiana.

Dawa ya klorini itiwayo katika maji ya kunywa ni dawa njema, nayo huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Iendelee kutumiwa. Ila haiui yai la chango kwa kipimo ambacho mtu aweza kunywa. Siki na ndimu juu ya kachumbari huongeza ladha. Hazipenyi tabaka la mafuta kwa muda wa mlo. Chumvi ni vivyo hivyo. Pilipili, ambayo wazee wetu wengi huiamini sana, haimsumbui aliyemo ndani hata kidogo. Humsumbua mlaji tu. Sabuni nayo haiui. Lakini sabuni na siki hazilingani, maana sabuni hulegeza kule kunata kwa tabaka la nje, na yai likilegea huondolewa na maji. Hatunawi mikono ili kuua yai, twanawa ili kuling'oa na kulipeleka mbali. Kwa hiyo anayechovya vidole katika bakuli moja lililopitishwa kwa watu kumi hajanawa. Amegawana na wenzake kilichokuwemo. Kile kidumu cha kukanyagia tukiitacho kandagira ukarabe, ambacho maji yake hutiririka juu ya mikono na kuanguka chini, kimeshinda beseni la shaba. Kucha zikatwe fupi, kwa kuwa chini ya ukucha ndipo mahali pa kunata kuliko pote.

Kwa mboga ziliwazo mbichi, kanuni ni ile ile ya kusugua. Karoti isuguliwe kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, kisha imenywe. Majani yatenganishwe moja moja, yasioshwe yakiwa kichane. Na hapa kuna jambo ambalo wapishi wa jikoni kubwa, wanaoosha gunia zima kwa mara moja, huliharibu bila kujua. Yai la chango ni zito kuliko maji kwa kiasi kidogo, hivyo huzama polepole hadi chini ya beseni. Mpishi akiisha kuosha mboga, asiinamishe beseni na kuyamwaga maji juu ya mboga zilizolala chini, maana atakuwa amezirudishia zile takataka zilizokwisha kutua. Azinyanyue mboga kutoka juu kwa mikono safi au kwa chekeche, aziweke katika maji mengine, na afanye hivyo mara mbili tatu. Maji machafu ya mwisho yasimwagwe kwenye bustani ya jikoni, ile akarima k'igikoni ambayo kila nyumba yahimizwa kuwa nayo, kwani tutakuwa tumeotesha tulichokitoa.

Lakini silaha iliyo hakika ni moto. Kumbuka kwamba mlinzi wa mwisho wa ngome ni mafuta, na mafuta, kama samli, hulegea yakipata joto. Joto likipita nyuzi 60, tabaka hilo hupoteza nguvu na yai hufa katika dakika chache. Kwenye nyuzi 70 hufa upesi zaidi. Maji yachemkayo Kigali hufikia nyuzi 95 hivi, kwa sababu ya mwinuko wetu, na hizo zatosha na kubaki. Mboga iliyopikwa, isombe iliyochemka, maji yaliyochemshwa, vyote havina yai lililo hai. Mimi binafsi nikila mahali ambapo sijui mboga zimeoshwa vipi, huchagua dodo iliyopikwa na kuiacha saladi, hata mwenyeji akinuna.

Jua nalo husaidia, lakini si kama watu wanavyofikiri. Juu ya ardhi tupu iliyokauka, katika kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti, mayai mengi hufa kwa majuma kadhaa kwa ukavu na mwanga. Chini ya migomba, karibu na bomba livujalo, au nyuma ya choo pale jua lisipofika, hukaa miaka. Ndiyo maana ufagiaji wa uani hautoshi. Lile pembe lenye unyevu ndilo la kutazamwa, na maji yaliyotuama yachimbiwe mfereji. Hiyo ni kazi ambayo Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, yaweza kuimaliza katika mtaa mzima.

Linabaki suala la choo na shamba, ambalo wengi huona haya kulitaja. Katika baadhi ya sehemu za nchi wakulima wamezoea kutoa kilichomo chooni na kukitia shambani, na siwalaumu, maana mbolea ni ghali na ardhi imechoka. Ubaya ni kwamba ndani ya shimo la choo hamna hewa, na yai la chango pasipo hewa halikui lakini pia halifi, hulala tu. Siku linapopakuliwa na kutandazwa shambani, hewa hulifikia, nalo huamka na kuanza kazi iliyokuwa imesimama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 wataka mavi yatakayotumiwa shambani yahifadhiwe bila kuongezewa kitu kipya kwa zaidi ya mwaka mmoja mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 35, na mahali penye baridi kuliko hapo kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kwa wale wenye vyoo vya mashimo mawili hilo lawezekana: shimo moja hutumiwa, jingine hufungwa likangoja. Majivu yakitiwa kila mara hukausha na kuongeza ukali, na huo ukali husaidia hewa ya amonia kutoka, ile inayochoma pua chooni. Amonia ni miongoni mwa vitu vichache vipenyavyo tabaka la mafuta, na ikiwa nyingi kwa muda mrefu huua. Harufu ile mbaya basi si ya kulaumiwa kwa kila jambo. Anayetengeneza mboji naye ahakikishe kwamba rundo limepata joto la kupita nyuzi 50 kwa juma zima, pande zote, si katikati tu. Rundo lisilogeuzwa lina ubaridi pembeni, na pembeni ndiko yai linakopona.

Je, hali yetu ni mbaya kiasi gani? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 uliwakuta watoto wa shule 66 hivi katika kila 100 wakiwa na minyoo ienezwayo na udongo, ya namna moja au nyingine. Mwaka 2014, baada ya miaka ya ugawaji wa dawa, walikutwa 45 hivi katika kila 100. Ni hatua kubwa, wala asije mtu akasoma safu hii akadhani kwamba kidonge hakina maana. Kila chango wa kike afaye ni mayai laki mbili kwa siku yasiyomwagwa. Lakini tazama pia kwamba kidonge peke yake kilishusha hesabu kisiifute, kwa sababu udongo ulikuwa bado una akiba. Mtoto aliyeponywa na kurudishwa katika uwanja ule ule hupata minyoo wengine kabla mwaka haujaisha. Na hasara si ya tumbo kuuma tu. Mnyoo hula kabla ya mtoto, hupunguza vitamini A iingiayo mwilini, na wakiwa wengi husokotana wakaziba utumbo, jambo ambalo huhitaji kisu cha daktari. Uchunguzi wa familia wa mwaka 2019 na 2020 uliwakuta watoto 33 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, na chango ni mmoja tu kati yao, lakini ni yule ambaye mama aweza kumwondoa kwa brashi, sufuria na majivu.

Baadhi ya wazazi hungoja kumwona mnyoo ndipo waende kliniki. Wasingoje. Mtoto aweza kuwa nao bila kuonyesha dalili, na choo kikipimwa kwa hadubini mayai huonekana wazi kwa rangi yao ya kahawia. Dawa itolewayo kwa watoto wote mara mbili kwa mwaka imezwe hata na yule aonekanaye mzima, na mama mwenye mimba aulize kwanza kwa mganga kabla ya kumeza chochote.

Kuna mnyoo mwingine ambaye kwake karibu yote niliyoyasema juu ya ganda hayafai, naye ni safura. Ganda la yai lake ni jembamba na angavu, halina ukuta mnene wala vinundu, na udongoni huanguliwa kwa siku moja au mbili tu. Kinyoo wake hangoji kumezwa. Hutoboa ngozi ya mguu ulio peku. Hapo sufuria haisaidii, na kinachotakiwa ni kiatu. Askari anacho. Watoto wake wachezao nyuma ya nyumba huenda hawana, na habari zao tutaziandika juma lijalo.